Bata Mzinga Ndani ya Foronya

Jamani, hili nilikusudia nife nalo, lakini watu wameshaanza kulisimulia bila mimi na wanalisimulia vibaya (wapo wanaosema nililia, sikulia, ile ilikuwa sabuni), kwa hiyo afadhali aibu yangu niitoe kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilidhalilika mbele ya jengo zima la Vällingby, mchana, ingawa mchana wa Desemba wa Stockholm mnaujua, saa tisa taa zimeshawashwa. Nilidhalilika kwa sababu ya nyama ya kiporo. Na chanzo chake kilikuwa soda.

Siku hizo treni za kwenda mtaa wa Hallonbergen zilikuwa bado zinanuka rangi mpya, nami nilikuwa kijana kutoka Moshi niliyekuja kusomea mitambo, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane aitwaye Alma. Mwenyewe alitaka nimwite Alma tu, kama Waswidi wote walivyokuwa wameanza kuitana, lakini mtu wa umri wa mama yangu nitamwitaje jina tupu, nikamwita Mama Alma, akazoea, mwisho akawa anajitambulisha hivyo hata kwenye simu. Ujanani alikuwa amefanya kazi za nyumbani Amerika, akarudi na desturi moja tu ya huko, kwamba wenzake wote wakila paja la nguruwe siku ya Krismasi, yeye anaoka bata mzinga. Mwaka ule alioka bata ambaye sijui alidhani tuko wangapi. Tulikula, tukarudia kula, tukasalimu amri, na upande mzima wa nyama ukabaki kwenye mifupa.

Sasa, kulikuwa na Naomi. Alikuwa akisomea uuguzi, anatoka kulekule kwetu, na nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda hadi nilikuwa nasahau kushuka kwenye kituo changu. Ila kwa Naomi hakukuwa na njia ya mkato. Hapa Uswidi alikuwa na baba yake mdogo, Mzee Zakaria wa Hallonbergen, aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki, na Naomi aliniambia bila kuzunguka kwamba baba mdogo akisema hapana, yeye hataweza kusema ndiyo. Mzee akatuma neno: Jumamosi baada ya Krismasi, saa tisa, atakuja na Naomi kuona ninavyoishi. Hakutaka washenga wala maneno matamu, alitaka kuona kwa macho yake.

Mama Alma alifurahi kuliko mimi. Alikuwa anakwenda Uppsala kwa dada yake na angerudi Jumamosi hiyohiyo alasiri, kwa hiyo akaniachia maagizo. Nisijaribu kupika wali (alikuwa ameshaonja wali wangu). Nitengeneze sandwichi za moto: nikate nyama ya bata vipande vyembamba, nipake mkate siagi na haradali, nipange nyama, nifunike kwa jibini, niingize kwenye oveni mpaka jibini iyeyuke, basi. Akasema hata mimi siwezi kuharibu kitu kama hicho. Mama wa watu, tumeishi nyumba moja muda wote huo na bado alikuwa hanijui.

Haya, soda. Kwetu mgeni wa heshima anapewa soda baridi, na friji ya Mama Alma ilikuwa ndogo, sinia la bata limejaza rafu nzima. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikamtoa bata, nikamweka nje kwenye roshani, nikapanga soda zangu za machungwa kwa raha mahali pake. Najua mnataka kuniuliza kwa nini nisiweke soda nje na bata ndani. Niliwahi kuweka soda nje majira ya baridi, ikapasuka, nikapata fundisho. Tatizo ni kwamba nilipata fundisho la soda tu, la bata sikupata.

Usiku ule ikaja baridi ya kukata masikio. Asubuhi nilikwenda mjini kununua jibini na tai mpya, nikazubaa kwenye maduka, niliporudi nikafungua roshani kumchukua bata. Alikuwa jiwe. Kisu kiliteleza juu yake. Nikamgonga kwa mpini wa nyundo, ikatoka sauti kama nabisha hodi.

Mtu mwenye akili angemtia kwenye maji ya moto. Lakini mimi nilikuwa nasomea mitambo, na anayesomea mitambo hataki maji ya moto, anataka mfumo. Chini kabisa ya jengo kulikuwa na chumba cha kufulia cha wapangaji wote, na kando yake chumba cha kukaushia nguo chenye feni kubwa inayopuliza hewa ya moto. Niliwahi kuanika blanketi langu pale likakauka mara moja. Nikajiambia, hapo joto linatoka pande zote, bata atalainika sawasawa bila kuungua, na oveni itabaki tayari kwa sandwichi. Nilijiona nimegundua kitu kabisa. Kumbeba bata uchi kwenye ngazi niliona haya (hapo nilikuwa bado na haya), nikamtia ndani ya foronya safi ya Mama Alma, ile aliyoidarizi jina lake pembeni, nikaifunga mdomo kwa kamba, nikamning'iniza kwenye waya katikati ya mashuka meupe ya mtu mwingine, nikazungusha swichi ya joto mpaka mwisho.

Mashuka yale yalikuwa ya Bi Hedvall, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini yetu, na ile ilikuwa zamu yake ya kufua. Wale mlioishi majengo ya huku naona mmeshashika vichwa. Mswidi utamkanyaga mguu atakuomba radhi yeye, lakini zamu yake ya kufua usiiguse.

Nikapanda juu nikapaka mikate siagi, nikapiga suruali pasi, nikafunga tai, nikavaa aproni ya Mama Alma juu yake, nikasimama mbele ya kioo kujifunza hotuba yangu ya posa, na hotuba ilikuwa tamu hadi nikaanza kuirudia kwa kufurahia sauti yangu mwenyewe. Muda niliona ninao, kwa sababu saa tisa ya kwetu ni saa kumi. Nikasahau kwamba Mzee Zakaria alikuwa ameishi huku miaka mingi na saa yake ilishabadili uraia. Saa tisa ilipogonga, kengele ya mlango ikalia.

Nikamwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akavua viatu, akaketi na kofia gotini. Naomi alichungulia jikoni, akaona mikate imejipanga bila nyama, akanigeukia na macho ya kuuliza, nami nikamwonyesha kwa mkono kwamba atulie, kila kitu kipo sawa. Nikammiminia Mzee soda. Yeye ndiyo kwanza ametoka kwenye theluji, masharubu bado yana barafu, akapiga funda moja akashika taya.

"Kijana," akasema, "kwako hakuna chai?"

Nikakimbilia birika. Hapo ndipo harufu ilipoingia, harufu nzuri sana ya bata wa kuokwa, ikipanda ngazi ghorofa hadi ghorofa.

"Chakula kinanukia," Mzee akasema. Akageukia mlango. "Lakini mbona harufu inapita mlangoni, haitoki jikoni?"

Kabla sijapata uongo wa kumpa, kengele ikalia tena. Nikafungua. Bi Hedvall alikuwa amesimama na shuka lenye madoa ya manjano mkono mmoja, na mkono wa pili, ameunyoosha mbali na mwili wake, ameshika foronya inayodondosha mafuta. Akaniuliza kwa upole wa kutisha kama kuna mtu humu ndani anaoka nyama kwenye mashuka yake. Badala ya kumwomba radhi kama binadamu, nikaikamata foronya ili niifiche kabla Mzee hajaiona, yeye akaivuta kwa kuwa alikuwa bado anasubiri jibu, mikono yetu sote ina mafuta, ikatuponyoka.

Bata alikuwa amelainika nje tu, katikati bado jiwe. Alishuka ngazi akidunda, du, du, du, kama mtu mzima anayeanguka, na milango ikaanza kufunguka. Nikamkimbilia, niko na soksi, tai na aproni. Njia nzima ilikuwa imedondokewa na mafuta, nikakanyaga, nikakaa kitako, nikamfuata bata kwa staili yake. Chini kabisa mlango wa nje ukafunguka, akaingia Mama Alma na mkoba wake, theluji kofiani, akaizuia foronya kwa ncha ya buti. Akasoma jina lake. Akanitazama nikifika.

"Elisante," akasema, "nilisema oveni."

Nikainua macho. Kila ghorofa vichwa vimechungulia, na juu kabisa Mzee Zakaria na soksi zake, glasi ya soda mkononi. Pembeni yake Naomi amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, sijui analia au anacheka. Nilijua nimeshamkosa. Hiyo iliniuma kuliko makalio.

Mzee akashuka polepole akishikilia ukuta, akasimama mbele ya Bi Hedvall, akamwomba radhi kwa Kiswidi kizuri, kisha akamwahidi kwamba kijana huyu atayafua mashuka yote sasa hivi, kwa mikono yake, na yeye atasimama hapo mpaka yawe meupe. Na hivyo ndivyo posa yangu ilivyojadiliwa kwenye chumba cha kufulia, Mzee ameketi juu ya kapu la nguo, mimi nimeinama kwenye karai, sabuni hadi viwikoni.

Aliniuliza habari za wazazi wangu, akaniuliza masomo yakiisha nitakwenda wapi. Hotuba yangu ilikuwa imepotea kwenye zile ngazi, nikajibu nilivyo. Halafu akaniuliza kwa nini sikumgongea jirani mlango nikamwomba ushauri, wakati jengo limejaa akina mama wanaojua nyama. Nikasema niliona haya.

"Huku ugenini haya itakuua," akasema. "Naomi akiugua, pia utaona haya?"

"Mzee, Naomi akiugua nitagonga kila mlango wa jengo hili," nikasema. "Sasa wananijua wote."

Masharubu yake yakacheza. Nami macho yakanijaa (sabuni, nimeshawaambia).

Tulipofika kwenye kusuuza wakashuka Naomi na Mama Alma na sinia. Nyama walikuwa wameikuta salama ndani ya foronya yake, wakaikata pale ilipolainika, na sandwichi zilikuwa za moto kweli, jibini ikishuka pembeni. Tulikula tumesimama kati ya mashine. Bi Hedvall akaja kukagua, akainua shuka kwenye taa, akaridhika, akapewa sandwichi, akasema haradali haitoshi, akachukua ya pili.

Wakati wa kuondoka Mzee alivaa viatu bila haraka, nami nimesimama mlangoni roho juu.

"Jumapili njoo Hallonbergen baada ya ibada, tuzungumze mambo ya harusi," akasema. Akafunga kamba ya pili. "Usilete chakula."

Kwa hiyo nimeapa. Bata wa mtu mimi sigusi, na soda za wageni wangu zinatoka kabatini vuguvugu, asiyezipenda hivyo anywe chai. Siku ya harusi Mama Alma alituzawadia ile foronya, imefuliwa na kupigwa pasi vizuri, ila doa halikutoka na halijatoka hadi leo. Kila Krismasi Naomi anaivalisha mto wa upande wangu bila kusema neno, nami nalala juu yake bila kusema neno. Na nyumbani kwetu, tangu tuoane, zamu ya kufua ni yangu.