Jabia la Nyanya Kule Manda

Wiki iliyopita nilikuwa kwetu Amu, mjini Lamu, natoka kununua mkate wa mofa, ilipopita moja ya zile ndege kubwa zinazotua Manda siku hizi. Mazungumzo yalikatika kichochoro kizima. Punda aliyebeba mawe aligoma katikati ya njia, mwenyewe akimsukuma na kumwapiza, na jirani yetu mwenye nyumba ya wageni akachomoza kichwa dirishani akitabasamu, maana kwake kila ngurumo ni chumba kilichopata mtu. Wewe ndugu yangu ukisikia ndege huenda ukawaza safari. Mimi nawaza maji.

Ng'ambo ya pili, kisiwani Manda, nyanya yangu alikuwa na shamba la mtama na matikiti. Shule ikifungwa tu tulivushwa na mashua ya jirani, wajukuu tumebanana na kuku na magunia ya mbegu. Kazi yetu ilikuwa kufukuza tumbili. Tulipiga madebe tangu alfajiri mpaka masikio yakaziba, na wale tumbili wasio na haya walingoja tuchoke ndipo waje kula. Mchana tulikula muhogo wa kuchoma na papa mkavu, mikono inanuka moshi, tukashushia kwa tikiti lililopasuliwa juu ya jiwe. Uwanja wa ndege wakati huo ulikuwa jirani mpole. Kindege kikisikika, tulikimbia kuwaondoa mbuzi wetu njiani. Rubani akitupungia mkono, tulijiona sisi ndio tuliomtua.

Lakini roho ya shamba ilikuwa jabia, yaani birika kubwa la kukingia maji ya mvua, limechimbwa mwambani na kusiribwa kwa chokaa. Kabla ya masika tulifagia sakafu ya mawe inayopeleka maji ndani, nyanya amesimama nyuma yetu mkono kiunoni. Jani moja likionekana, tunarudia sakafu yote. Alikuwa mkali, ila sababu tuliijua. Mtoto wake wa kwanza alifariki mdogo, kabla mama yangu hajazaliwa, naye akalijenga jabia lile liwe sadaka yake: maadamu watu wanakunywa, thawabu zinamfikia yule mtoto. Ndiyo maana hakulitia kufuli. Walioteka zaidi ni wake wa wachonga mawe wa kijiji cha Maweni, watu wa bara, wakija na ndoo kichwani na nyimbo zao za kanisani. Nyanya akiwasikia kwa mbali uso ulimkunjuka, akawasogezea kata ya kuchotea maji.

"Tekani," aliwaambia. "Mwanangu yuwawangoja."

Mwaka huu njia ya ndege imerefushwa, na shamba letu likaingia ndani ya seng'enge. Kulima tulikuwa tumeacha zamani, tangu miguu ya nyanya ilipochoka, kwa hiyo shamba halikumuuma sana. Kilichomnyima usingizi ni jabia, ambalo wanawake wa Maweni waliendelea kulifagia na kuteka. Msimamizi wa ujenzi, kijana wa bara mwenye adabu zake, alikuja kumweleza kwamba litafukiwa, na kwamba wanawake watawekewa tangi.

"Tangi la nani?" nyanya akauliza.

Kijana hakulielewa swali. Nyanya akajikokota hadi kwa mwalimu wa madrasa kumwuliza kama mwanawe sasa atakatikiwa na thawabu zake. Mwalimu akamwambia kwamba kilichokwisha kunywewa hakipotei. Hapo akatulia kidogo, lakini akashika neno moja ambalo hakuna aliyeweza kumtoa kwalo: maji yaliyomo hayatafukiwa.

Siku yenyewe ilipofika tulimvusha kwa boti kutoka Amu hadi Manda. Tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Nyanya akaenda moja kwa moja akaketi ukingoni mwa jabia, na buibui lake likatapakaa juu ya chokaa.

"Mai ya mwanangu hayafukiwi," akamwambia msimamizi. "Ngoja watu wanwe kwanda."

"Shosho, mimi sina ruhusa ya kusimamisha kazi." Kijana akalitazama tingatinga, kisha akawatazama wanawake wa Maweni waliokwisha kufika langoni na madumu yao. "Ila dereva hajakunywa chai. Wacha akunywe chai polepole."

Walikuja wengi. Wanawake waliteka, vibarua wakajaza chupa zao, na sisi wajukuu, watu wazima wenye mvi sasa, tukapokezana ndoo mpaka zikaanza kukwaruza chini. Yaliyobaki yamechanganyika na matope tuliwanywesha mbuzi wa Maweni. Ndipo nikaiona sakafu ya ndani ya jabia kwa mara ya kwanza maishani, ndogo kuliko nilivyodhani. Nyanya akainuka, akakung'uta buibui. "Haya, fukiyani," akasema, na hakugeuka nyuma.

Siwalaumu waliorefusha uwanja. Mpwa wangu amepata kazi pale, na mji wetu unawahitaji wageni. Lakini naumia, sitaficha. Hakuna tena mtoto wa Amu anayevuka kwenda kugombana na tumbili wa Manda, na wanawake wa Maweni wanafungua koki ya tangi ambalo halina mwenyewe wa kuwakaribisha.

Nyanya naye alianza kuweka mtungi wa maji na kata nje ya mlango wetu. Siku ya kwanza alikaa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri. Wageni walipita wakiburura mabegi, kila mmoja na chupa yake mkononi. Vijana wakamwamkia na kwenda zao. Hakunywa mtu. Nilipomwona ameinamisha kichwa, anaizungusha ile kata tupu mapajani, sikuweza kuvumilia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka vichochoroni, nikatokea upande wa pili kama mpita njia. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

"Bi, nina kiu," nikasema, nikiikaza sauti isifanane na yangu.

Akachota mpaka ikafurika, akanipa.

"Nwa yote," akasema. "Usisaze."

Nikanywa yote.