Kidole Changu Kilikuwa Sidoni

Shule niliacha darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Siku mwalimu wetu wa Biblia pale Mwiki alipotuambia sisi akina mama tufungue kurasa za nyuma, penye ramani, nilishika safari ya Paulo yote: Antiokia, Seleukia, Salami, Pafo, Perga. Wenzangu bado wanatafuta miwani, mimi nimefika Derbe.

"Cucu, wewe ungembeba Paulo mgongoni!" mwalimu akacheka; pale wote huniita Cucu, yaani bibi.

Umbali nilipima kwa uzi. Nilifanya kazi miaka mingi kiwanda cha nguo huko Thika, na mkono ukishazoea uzi hauachi. Ndiyo nikaona Sidoni na Yerusalemu ni karibu, mtu wa miguu anafika.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameenda kufanya kazi za nyumba. Alisema tu ni kwa Waarabu, akaniachia msichana wake hapa Kiuu. Akipiga simu namwuliza, "Uko wapi kwa ramani?"

"Mami, hiyo ramani yako ni ya zamani."

"Hata wewe ni wa zamani. Taja mji, niweke kidole."

Kikundini kwetu ndivyo tunavyoomba. Mama mwenye mtoto mbali anaweka kidole pale alipo, wengine wanamshika bega.

Binti yangu akasema, "Hebu nisomee unayoona."

Nikamsomea: Kaisaria, Tolemai, Tiro, Sidoni.

"Hapo hapo. Sidoni."

"Haiya! Bwana alifika pande hizo! Wakikutesa toka, tembea. Yerusalemu si mbali."

Alicheka sana, halafu nikasikia anavuta kamasi.

Miaka miwili nilibonyeza Sidoni. Karatasi ikalainika, jina likaanza kufutika. Nilikuwa hata namwonyesha Mungu njia, apite Tiro, asichelewe.

Binti yangu alirudi kwa sanduku. Baada ya kumzika, mjukuu wangu aliketi kitandani akanisomea karatasi za mama yake.

"Cucu, hapa wameandika Riyadh. Alikuwa huko tangu mwanzo."

Tukafungua ramani. Tulitafuta mpaka pembeni. Riyadh haiko. Upande ule karatasi inaisha, pameachwa peupe, pameandikwa Arabuni basi. Mama yake alichagua katika yale niliyomsomea, ili nipate pa kuweka kidole.

"Sasa Mungu alikuwa anamtafuta Sidoni?" mtoto akaniuliza.

Nikaifunga Biblia. Mwalimu anasema Mungu hahitaji ramani, nami naamini. Lakini nikianza kuomba, kidole kinaenda chenyewe mahali pale palipochakaa, nakiondoa.

Paulo naye anasema alikwenda Arabuni, kisha akarudi Dameski. Aliyoyaona huko hakuyasimulia.

Juzi nilitoa uzi tena. Nikaushika Yerusalemu, nikauvuta kuelekea Arabuni. Ukapita pale peupe, ukatoka nje ya karatasi, ukaangukia gotini kwangu.