Hadithi ya Mama kwa Sauti ya Chini

Mei 2011 tulimzika mama yangu kijijini kwetu Isansa, na pamoja naye ikaenda hadithi moja ya Kinyiha ambayo sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho.

Mwaka mmoja kabla, alikuja kukaa kwangu Tunduma, nilikokuwa nauza vitenge. Binti yangu alikuwa chekechea. Darasani kwao kulikuwa na watoto wa Kinyiha, wa Kinamwanga, wa kutoka upande wa Zambia, na baadhi waliogopa kufungua mdomo kwa kuwa Kiswahili kiliwapiga chenga. Mwalimu akaomba Ijumaa bibi au babu wa kila mtoto aje asimulie kitu kwa lugha ya nyumbani.

Mama alifurahi sana. Alifua kitenge chake kizuri, akawa anaufanyia mazoezi wimbo wa hadithi yake huku akipepeta mahindi uani.

Wapangaji wenzangu wengi walitoka mikoa mingine. Mmoja akamsikia akiimba Kinyiha, akajua tumetoka kwenye kahawa. "Jirani, kumbe shamba la kahawa limehamia mjini!" Nikacheka naye. Mama alikuwa palepale.

Alhamisi jioni nilimwambia mama kwamba mwalimu ameahirisha.

"Hadi lini?"

"Hakusema, mama."

Ijumaa mchana mtoto akaingia, begi bado mgongoni. "Bibi, mbona hukuja? Bibi wa mwenzangu ametufundisha kuhesabu Kibemba! Mimi nilikuwa naangalia mlangoni tu."

Mama akanitazama. Nilikuwa nakunja vitenge, nikaendelea kukunja. Alimshika mjukuu wake mkono, wakaingia chumbani, akafunga mlango na kuanza hadithi kwa sauti ya chini.

"Bibi, sema kwa nguvu."

"Watu wamepumzika, mjukuu wangu."

Hakuna aliyekuwa amepumzika. Mimi ningeweza kugonga mlango na kusema hivyo. Sikugonga.

Kesho yake alirudi kwake, na hakuja tena kwangu. Nilipokwenda kumsalimia alinipokea vizuri, akanipikia, wala hakulitaja jambo lile hadi alipofariki.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa mwalimu, nikamwambia mama hakukataa kuja, ni mimi niliyemzuia. Akaniambia, "Basi njoo wewe, mama. Watoto wengine wameingia mwaka huu, na wao wana Kinyiha chao."

Nilimuuliza binti yangu hadithi inaishaje. Alifikiri, akasema amesahau. Anakumbuka wimbo tu, na kwamba bibi alikuwa anamshika masikio.

Nilikwenda hivyo hivyo. Nikasimulia kwa Kinyiha hadi pale mwanamke anapofika mtoni na kukuta maji yamejaa, nikaimba, watoto wakaitikia. Kisha nikakwama. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye mwalimu alikuwa ameniambia hajawahi kusema neno darasani, akasogea mbele na kuniuliza kwa Kinyiha, "Akavukaje?"

Nikamwambia sijui.