Mita Tatu, Mita Tatu na Saba

Mzee Gavrilă ameezeka nusu ya kijiji chetu cha mkoani Maramureș, na kazi mbovu humtia kichefuchefu. Juzi mkwewe Toader alimwita aone kenchi yake ya kwanza, fremu ya mbao ya kubeba paa. Nyumba ina upana wa mita saba. Mbao mbili za kukutana juu, kila moja mita tatu. Hata hivyo Toader alishapigilia kwenye ncha ya ubao mmoja tawi la msonobari, alama ya paa lililokwisha.

“Baba, hazifikiani. Nizisimamishe zaidi?”

“Zitazidi kuachana, zumbukuku wee! Tatu na tatu?”

“Sita.”

“Na chini?”

“Saba.”

“Ptuu! Hata ukizilaza, hiyo siyo pembetatu!”

Akaling’oa tawi, akamtupia mbuzi aliyekuwa akizurura uani. Mbuzi akalinusa, akageuka akaenda zake.