Michoro Kumi Kwenye Njia ya Butembo

Niliondoka Kisangani kwa sababu posta ilikuwa imekufa. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na wenye bunduki wake, na barua yangu isingefika hata Kindu, sembuse Ulaya. Na huko Ulaya kulikuwa na shule ya sanaa niliyoiota tangu nilipomaliza masomo ya kwanza Kinshasa. Jibu lao lilinifikia kwa mdomo wa wafanyabiashara, likitoka kwa padri mmoja wa Butembo aliyewaandikia kwa niaba yangu: nipeleke michoro kumi, ile yenyewe niliyoichora kwa mkono, si picha zake, ndipo waamue kama nafaa kwa masomo ya juu. Padri alikuwa karibu kwenda likizo kwao na angeibeba mwenyewe. Tonton Kambale, kaka yake mama, muuza jumla wa hukohuko Butembo, alikuwa ameahidi tikiti ya ndege na karatasi za kunidhamini. Mimi nilibakiwa na kazi moja tu, kufika. Ukimsikia mtu anasema "kufika tu" kuhusu barabara ile wakati wa vita, jua hajawahi kuipita.

Nyumbani Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, jioni ya kufungasha, nilikuwa na michoro tisa. Wa kumi ulikuwa kwenye msumari, juu ya cherehani ya papa, baba yangu. Nilikuwa nimemchora mama kwa makaa akichambua maharagi dukani kwake, kwenye karatasi nene kubwa niliyokuja nayo kutoka Kinshasa, na alinung'unika muda wote kwamba ningemwacha kwanza afunge kitambaa vizuri. Miezi michache baadaye majeshi mawili ya kigeni yaliupigania mji wetu kama mji wa baba zao. Kombora lilianguka dukani, mama akafa, na moto ukala picha zote za familia alizokuwa amezitundika humo. Mchoro ulipona kwa sababu nilikuwa nimeuacha shuleni nilikofundisha. Ulikuwa ndio uso wake pekee uliobaki duniani, na ulikuwa kazi yangu bora kuliko zote.

Papa aliacha kushona nilipopanda kwenye kiti kuutoa.

"Ile ya mama yako, acha," alisema. "Iko moja tu."

Nilimweleza kwamba wale watu wanataka kazi nzuri, na kwamba bila huo hiyo tisa haina kichwa. Nikamwahidi kwamba padri ataurudisha. Papa hakubishana. Alirudi kwenye cherehani yake, na mpaka nilipolala ilikuwa bado inalia. Laiti angenifokea.

Asubuhi, kwenye kituo cha barabara ya mashariki, nilijiunga na wanaume wa kumbakumba, wale wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kuvuka msitu mzima. Ndege zilikuwa za wenye madini na wakubwa zao. Sisi wengine tulikuwa na miguu. Papa Asumani, mtu wa makamo, Mwislamu wa familia za zamani za mji wetu, alikubali nimsaidie kusukuma madumu yake ya mafuta ya mawese, naye angenipitisha. Aliponiona na bomba la plastiki begani, lile la mafundi wa maji, lililozibwa matambara pande zote mbili, alicheka mpaka akashika mbavu. Eti nani mwenye akili zake anapita kwenye vizuizi vya askari na kitu chenye umbo la roketi begani? Nilimwambia ndani mna michoro yangu. Akasema wallahi, afadhali ingekuwa roketi.

Karibu na Bafwaboli ilionekana alisema kweli. Askari wa kizuizi waliniamuru nilale chini kifudifudi, wakatoa michoro mmoja baada ya mwingine wakitafuta ramani. Walikuta nyuso: kinyozi wa Mangobo, muuza samaki, mwendesha baiskeli za abiria amesinzia kwenye usukani. Kamanda wao alizitazama kwa muda mrefu.

"Bon," alisema. "Kama kweli uko mutu wa kuchora, unichore miye."

Karatasi tupu sikuwa nayo. Tangu vita vianze hakuna aliyeleta karatasi ya kuchorea Kisangani. Basi nikageuza mchoro wa mwendesha baiskeli, ambao sikuupenda sana, nikamchora kamanda nyuma ya karatasi yake. Alifurahi, akaukunja, akautia mfukoni, na baiskeli zote zikapita bila kutoa hata tone la mafuta. Wenzangu walinipiga mgongoni kwa furaha. Nami nilijisikia mtu wa maana, siwezi kudanganya. Nilijiambia nimebakiwa na tisa, na padri hatakufa kwa kukosa mmoja.

Kumbe habari hutembea haraka kuliko baiskeli. Bafwasende walikuwa tayari wananingoja. Askari walikuwa wamejipanga kando ya njia, mashati yamefungwa vifungo, mmoja amejipaka mafuta usoni. Waliniita fotografe wa makaa. Nilichora watatu pale, na michoro mitatu ikaenda. Nikaanza kuchagua kama mama mwenye watoto wengi na chakula kidogo: huyu atoke, huyu abaki. Kwenye kila kijiji chenye kamba iliyokatiza barabara, mwingine ulitoka. Papa Asumani hakucheka tena. Jioni moja, tukikausha nguo kando ya moto, aliniambia nirudi nyumbani na iliyobaki. Nilimjibu kwamba nyumbani hakuna padri.

Tulipofika Nia-Nia, kwenye njia panda, nilikuwa na minne. Kizuizi cha pale kilikuwa cha askari mmoja mrefu aliyeitwa Bosco. Pembeni yake mkewe, Mado, alikuwa na kibanda cha mbao ambamo alikaanga makemba, ndizi za kupika, na kuwauzia wasafiri. Bosco hakutisha watu. Aliomba kwa upole kabisa, akasema tangu azaliwe hajawahi kuwa na picha yake. Lakini nilipotoa mchoro mdogo, alitia mkono ndani ya bomba na kuvuta ule mkubwa, karatasi nene.

"Hii njo ya mutu murefu," alisema, akiipima karatasi kwa urefu wake mwenyewe.

Nikamwambia huo hapana, huo ni mama yangu, amekufa. Aliniangalia, akautazama mchoro, nadhani angeuachia. Ila mkubwa wake alitokea nyuma yake akauliza kwa nini safu imesimama, na akaanza kuhesabu madumu ya Papa Asumani kwa ncha ya bunduki. Madumu yale yalikuwa ada za shule za watoto wake. Papa Asumani aliangalia chini, kwenye tairi.

Nikaugeuza uso wa mama chini, nikamchora Bosco. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikufuta hata mstari mmoja. Mado alikuwa anamcheka mumewe kwa jinsi alivyokaza shingo, naye akawa anazuia kicheko, na kile kicheko kilichozuiwa nilikipata kwenye pembe za mdomo. Ulikuwa mchoro mzuri. Inaniuma kusema hivyo, lakini ulikuwa mzuri.

Kuvuka Epulu na Mambasa mpaka Beni sikumbuki mengi. Kulikuwa na matope, kisha ghafla kukawa na vilima, hewa baridi, na mashamba yamepangwa migongoni mwa milima. Nilisukuma baiskeli ya watu na kutazama miguu yangu.

Butembo, tonton Kambale alinipokea kwa sweta na sahani ya maharagi. Alikuwa ametimiza kila alichoahidi. Karatasi za kunidhamini zilikuwa na mihuri yote, hata ile isiyohitajika. Padri naye alifungua bomba, akatandaza michoro mitatu mezani, akaingiza mkono ndani kutafuta mingine. Alipoutoa mkono mtupu, nilimsimulia vizuizi vyote. Alikuwa mtu mpole. Alisema angeahirisha safari yake siku chache, nichore saba mingine.

Maduka ya Butembo yana kila kitu cha Dubai, hata karatasi. Nilichora wake wa tonton, watoto, karani wake, mlinzi. Wote walikaa vizuri wakatulia, nami nilichora kama mtu anayejaza fomu. Padri aliondoka na kumi kamili.

Vita vilifunga barabara nyuma yangu, nikakaa kwa tonton nikipanga maboksi ya sabuni. Jibu lilikuja kwa redio ya misheni, baada ya mvua nyingi. Mitatu iliwagusa sana. Saba ilionekana kwao kama kazi ya mtu mwingine. Walisema mlango haujafungwa: mwakani nilete hata michache, mradi iwe kama ile mitatu. Tonton alinishika bega. Alisema, "Nenda uitafute. Miye niko hapa, ndege nitalipa." Ndiyo maana niliposhika njia ya kurudi, barabara ilipofunguka, sikurudi kama mtu aliyeshindwa. Nilikuwa nakwenda kuokota michoro yangu, na zaidi ya yote ule mkubwa.

Njiani kwanza nilikuta vizuizi viwili vimehamwa, majani yameota kwenye vibanda. Mmoja wa michoro ya upande wa Bafwasende, nilisikia kwa wasafiri, ulikuwa umetumika kuwashia moto. Nilikazana kwenda Nia-Nia.

Nia-Nia, kibanda cha Mado kilikuwa bado kipo, ila yeye alikuwa amenyoa nywele na amevaa kitambaa cheusi. Bosco alikuwa amepelekwa mbele vitani, ambako wenzake walirudi na koti lake tu. Juu ya sufuria za makemba, mbali kidogo na moshi, uso wake ulikuwa umetundikwa kwa miiba miwili, na kile kicheko chake pembeni mwa mdomo.

Nilikula makemba yote aliyonipa, nikiutazama. Mwishowe nikamweleza kilichoko nyuma ya karatasi. Hakuwa anajua. Aliondoa mwiba mmoja wa chini, akainua karatasi taratibu, na mama yangu alikuwa pale na maharagi yake na kitambaa chake kilicholegea. Ukungu ulikuwa umekula kona moja. Nililia bila aibu, mbele ya wateja.

"Kama ni mama yako, beba," Mado alisema.

Nikamwomba angoje kidogo. Nilikuwa na karatasi za Butembo. Nilikaa asubuhi nzima mbele ya mchoro wangu mwenyewe, nikaunakili: shingo ile, kofia ile, mdomo ule. Nilitumia maarifa yote waliyonifundisha Kinshasa. Nilipomaliza nilimpa, nikiwa na hakika kabisa kwamba nimepata njia ya kumfaa yeye na mimi pia. Aliushika mbele ya ule mwingine, akautazama muda, na nilimwona anatafuta maneno yasiyoniumiza.

"Iko muzuri," alisema. "Huyu anafanana naye. Ule ni yeye."

Ulaya nzima ilikuwa imeniambia jambo hilohilo kupitia redio, nami nililielewa pale, kwenye moshi wa makemba. Mado alishaanza kuuchomoa mwiba wa juu ili anipe. Angenipa, nina hakika, na angebaki na nakala yangu iliyofanana. Nilimshika mkono. Niliurudishia mwiba mwenyewe, nikautelemsha uso wa mama ukautazama ukuta, na Bosco akabaki akitutazama sisi. Nilichukua nakala, nikaiviringa kwenye bomba, nikaondoka kabla sijabadili nia. Nilibadili nia mara nyingi kabla ya Bafwasende, lakini miguu haikurudi.

Mangobo, papa alikuwa kwenye cherehani palepale, amepungua mwili. Hakuuliza habari za Ulaya. Alitazama bomba. Nikamsimulia yote kuanzia kizuizi cha kwanza, na nilipofika Nia-Nia nikamwomba msamaha, kwa kuwa aliniambia niache nami sikuacha. Akaomba kuona nilichokuja nacho.

Mingine njiani sikuipata, nami sikutuma tena kitu kwenye ile shule. Tonton aliningoja miaka miwili, halafu pesa ya tikiti akaiweka kwenye sabuni, na sikumlaumu. Nafundisha watoto kuchora mpaka leo, na huwaambia wamtazame mtu, wasitazame karatasi. Wananicheka, kwa sababu nawaambia kila siku. Kuna usiku naamka nikiwa Nia-Nia, mkono wangu umeshika ule mwiba, na usiku huo sijui kama nilifanya vyema. Namkosa mama, na naikosa Ulaya ambayo sikuiona.

Lakini siku ile ya kurudi, papa aliifungua nakala ya Bosco, akaipeleka mwangani mlangoni, akaisoma kwa vidole kama anavyosoma kitambaa. Halafu akapanda mwenyewe kwenye kiti, akaitundika kwenye msumari wa mama.

"Mama yako iko kwao," alisema akishuka. "Donc, basi, na yeye akae kwetu."