Siku Mjomba Aliposhuka Kutusemea

Nyumba yetu ya Mafiga haikuwa ya kujivunia. Vyumba vinne, choo cha nje, na ukuta ambao mama aliupaka chokaa kila Ramadhani ilipokaribia. Lakini ilikuwa yetu, na benki ilikuwa imeshabandika mlangoni tangazo la mnada. Mama aliiweka rehani apanue biashara yake ya mchele. Biashara ikadoda, marejesho yakamshinda, basi. Majirani wakipita wanasoma lile tangazo kwa sauti, eti hawajui kwamba tumo ndani. Nilitamani kuwamwagia maji ya vyombo.

Nilizunguka kuomba msaada mpaka nikajichukia. Shemeji alizima simu. Meneja wa benki alinipa kiti, akanisikiliza kwa upole, halafu akasema hana la kufanya. Afadhali angenifukuza. Mwishowe nikaelekezwa kwa msaidizi wa kisheria, dada mmoja anayewasaidia watu bila malipo. Tukaenda, mimi na mama.

Yule dada akamwuliza mama hela ya kununua kiwanja ilitoka wapi. Mama akasema ilitokana na shamba la ukoo kule Mkuyuni, lililouzwa bibi alipofariki. Yule dada akakaa wima. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na anayeisemea ni mjomba.

"Kaka yako uliwahi kumwambia kuhusu mkopo?"

Mama akatazama sakafu. Hakumwambia. Alijua angekataa.

"Basi aje aseme hivyo kwenye baraza la ardhi, tutakapoweka pingamizi la mnada. Mali ya ukoo haiwekwi rehani na mtu mmoja. Hapo ndipo pekee tunapoweza kushika."

Nikapanda mlimani kwa mjomba peke yangu. Mama alisema hana uso wa kumtazama. Nilimkuta mjomba akipalilia migomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Huko mjini kwema?"

Hakukuwa kwema, nikamweleza yote. Alisikiliza huku ameegemea jembe. Nilipomaliza akasema, "Kumbe." Uso ulikuwa umemshuka. Dada yake, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa amempita kama mtu baki. Nikaona vibaya, lakini ningefanyaje?

"Useme ukweli tu, mjomba. Kwamba hukuambiwa."

"Nimesikia. Nitashuka."

Akashuka kweli, na kanzu yake safi na koti. Barazani watu walijaa, wengine wa hukohuko kwetu milimani, wanaomfahamu. Akaulizwa jina na ukoo, akajibu vizuri. Moyo wangu ukaanza kutulia. Ndipo mwanasheria wa benki akasimama, kijana mwenye suti inayombana.

"Kwa hiyo mzee, unatuambia dada yako alichukua mali ya ukoo kwa siri? Aliwaibia ndugu zake?"

Watu wakageuka kumtazama mama. Alikuwa amejikunyata kwenye benchi, khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Mjomba naye akamtazama, kitambo kirefu. Kisha akakohoa.

"Dada yangu si mwizi. Aliniambia. Nikampa baraka mimi mwenyewe."

Yarabi! Nilisimama. Yule dada wa sheria akanivuta gauni. Nilitaka kupiga kelele kwamba anadanganya, kwamba anatuua, lakini maneno hayo yangetokaje? Nimwite mjomba mwongo mbele ya kadamnasi, yeye aliyetoka mlimani kwa ajili yetu? Nikakaa. Pingamizi letu likatupwa kabla hata ya adhuhuri, na benki ikaruhusiwa kuuza.

Nilitoka nje nikiwa na hasira za kumrukia mtu. Mjomba alikuwa ameketi kwenye msingi wa jengo, anahema, jasho linamtiririka. Mama alikuwa ameinama mbele yake.

"Nimesema vizuri?" akamwuliza mama.

Mama, ambaye tangu tangazo libandikwe hakuwa amelia, alianza kulia. Akamfuta jasho kwa ncha ya khanga yake.

"Umesema vizuri, kaka. Umenisitiri."

Kisha akaniambia nimsindikize mjomba stendi mapema, asije akachelewa kufika nyumbani kwake.