Sahani ya Trela na Tepu ya Mama Odette

Iko siku moja ambayo hunirudia kila nikimwona kijana anaitikia kwa kichwa jambo asilolielewa. Naikumbuka mpaka harufu yake ya grisi, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2016, kwenye yadi moja ya magari huko Midrand, ugenini kusini mwa bara, nami nimeshika usukani, vipande vya kioo vimeingia ndani ya kola ya shati, na sijui nimekosea wapi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mtu hujiita kijana akitaka kusifiwa nguvu na hujiita mtu mzima akitaka kusikilizwa.

Nakusimulia hili kwa sababu juzi nimekusikia ukiwapigia simu watu watatu kuwauliza swali lilelile kuhusu trela unayotaka kununua, na kila mmoja ukamwambia, "Sawa, nimeelewa." Kaa kidogo. Najua utanijibu kwa Kiingereza, hilo si kitu. Masikio yako ni ya Kiswahili, na hayo ndiyo ninayoyahitaji.

Siku zile nilikuwa nabeba mizigo ya watu kwa pikapu yangu ya milango minne: makochi, majiko, marobota ya mitumba, na Jumapili vyombo vya kwaya. Nilikaa Joubert Park, ghorofa ya saba, katika jengo ambalo lifti ilifanya kazi ikijisikia. Chini kabisa, kwenye chumba kilichokuwa stoo, akina mama watano wa Kikongo walikuwa wanashona sare za shule. Mkubwa wao alikuwa Mama Odette, mama wa Bukavu, mfupi, asiyetoa tabasamu bure, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akiwa kanisani. Odette ni jina lake mwenyewe, ndivyo waitanavyo Wakongo. Mimi mtu wa Tanga nilikaa miezi miwili nikimngoja huyo mtoto Odette atokee, mpaka nikajua kwamba binti yake anaitwa Neema.

Mwenye jengo akawataka waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Hawakuwa na pa kwenda na cherehani zao, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wakachanga, wakanunua trela kuukuu, ndefu, yenye mlango na madirisha, ambayo mkulima mmoja alikuwa akilala ndani yake akienda kuwinda. Kanisa moja la Randburg likawapa nafasi uani. Wangekaa humo washone. Kilichobaki ni kuitoa Midrand kuipeleka Randburg, na mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Mama, trela niachieni mimi."

Sasa, trela ile haikuwa ya kufunga nyuma ya bampa kama uzionavyo nyingi. Ilikuwa na shingo mbele, na chini ya shingo pini nene ya chuma. Pini hiyo hulala kwenye sahani ya chuma yenye taya, inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu, mfano wa ile ya malori makubwa ila ndogo. Sahani kama ile nilikuwa sijapata hata kuigusa. Lakini nilikwishasema niachieni mimi, na maneno yakishatoka kinywani hayarudi.

Nikaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza kwelikweli. Nilianza kwa Mzee Hamisi, mtu wa kwetu Tanga, dereva wa malori kwa miaka mingi. Akaniambia nichukue sahani ya kukaa palepale, imara, kwa kuwa ile ya kuteleza mbele na nyuma ni mchezo wa watoto. Nikaitikia. Nikaenda kwa Papa Dieudonné, Mkongo, fundi wa kuchomelea ambaye mikono yake naiheshimu hadi leo. Akaniambia nisiguse chasisi, nifunge kwenye bati la bodi, kwani kutoboa chasisi ni kuipunguzia nguvu. Nikaitikia. Mwisho nikampata Gaspard, kijana wa Burundi, mlinzi kwenye duka la vipuri. Huyo akasema kinyume cha wote: kwa pikapu fupi chukua ya kuteleza, na ifungwe hadi kwenye chasisi kwa vyuma vyake maalumu. Halafu akaongeza kwamba grisi nzuri ni ya kopo la bluu.

Nilitoka pale kichwa kinaniuma. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na kila mmoja alipingana na mwenzake. Usiku nililala nikiota bolti. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mimi nilikuwa na manahodha watatu wa nchi tatu, wote wataiona ile gari ikipita, na kila mmoja atatafuta ushauri wake uko wapi. Wewe hujui adha ya ugenini, mwanangu. Ukimpuuza mkubwa wa Wakongo, Wakongo wote wamesikia kabla ya chakula cha mchana.

Basi nikafanya ujanja ambao nikiukumbuka naona haya. Nikachukua kidogo kwa kila mtu. Sahani ya kukaa palepale, ya Mzee Hamisi. Bolti kwenye bati, za Papa Dieudonné. Na Gaspard, ambaye hana umri wala cheo, nikampoza kwa kununua grisi ya kopo la bluu. Dukani muuzaji aliniuliza kama bodi yangu ni fupi au ndefu, na uzito wa trela ni kiasi gani. Nikamjibu, "Sharp, sharp," kama wajibuvyo wenyeji wakimaanisha sawa, hakuna shida, nikaondoka na sahani yangu.

Jumamosi ile Mama Odette alikaa mbele karibu nami, amepakata kichwa cha cherehani yake bora, maana hakutaka kukiacha na mtu. Neema alikaa kiti cha nyuma. Pini ililala kwenye sahani, taya zikafunga, mimi nikajiona mwanamume. Tulipofika lango la yadi, Neema akateremka kulisukuma kwa sababu lilikuwa zito na bawabu hayupo. Akashika lango. Nikakata kona ya kulia kuingia barabarani.

Kitu kikalia paa!

Pembe ya trela ilikuwa imeingia kwenye kioo cha nyuma cha pikapu. Kioo chote kilimwagika kwenye kiti cha nyuma, pale alipokuwa amekaa Neema dakika moja kabla. Pembe yenyewe ilikuwa imesimama usawa wa kichwa cha mtu. Nilizima gari. Sikuelewa kitu. Sahani ni imara, bolti zimekazwa, grisi ipo, pini haijatoka, sasa hii imetoka wapi? Niligeuka nikaitazama ile pembe kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

Mama Odette hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Neema alikuwa anaikala wapi?"

"Hapo nyuma, Mama."

Akateremka, akaenda kumshika Neema mikono yote miwili, akamwangalia usoni, akamwachia. Kisha akavua ile tepu shingoni, akapanda kwenye bodi ya pikapu na sketi yake ya Jumamosi. Mimi nikadhani amechanganyikiwa kwa hofu. Akaweka ncha ya tepu kwenye pini, akaivuta hadi kwenye pembe ya trela. Akaweka tena kwenye pini, akaivuta hadi kwenye ukuta wa kabini. Alihesabu kwa Kifaransa, chini kwa chini, kama ahesabuvyo mabega ya wateja. Kutoka pini hadi pembe, mita moja na vidole vitatu. Kutoka pini hadi kabini, sentimita themanini na tano.

"Nani alipima hii motokari?" akaniuliza.

"Sijapima, Mama. Niliuliza watu."

"Batu ngapi?"

"Watatu."

"Na motokari yenyewe, uliiuliza?"

Akainama, akachungulia chini ya bodi. Bati lilikuwa limeanza kuvimba pale bolti zilipoingia, na juu ya chasisi hapakuwa na kitu kilichoshikwa. Akagonga bati kwa kidole. "Umeshona kifungo ku bitana," akasema, "nguo yenyewe haina habari."

Nikaanza kumweleza habari za Mzee Hamisi na Papa Dieudonné, kwamba ni watu wazima, kwamba sikutaka mtu ajione amedharauliwa, kwamba heshima ndiyo iliyonifikisha pale. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanambia neno ambalo tangu siku ile halijanitoka:

"Uko na heshima mingi, papa. Ile heshima yako ilitaka kuniulia mutoto."

Mwanangu, nimetukanwa na polisi, nimetukanwa na abiria, na mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwa mvivu wa kunisema. Hakuna lililonichoma kama lile. Nilikaa juu ya tairi nikalia, mtu mzima, nikijifanya naokota vioo.

Trela tuliiacha palepale Midrand. Jumapili jioni akina mama walitakiwa wawe wametoka stoo, basi nikapandisha cherehani tano ghorofa ya saba kwa ngazi, maana lifti siku hiyo haikujisikia, nikaziweka chumbani kwangu. Wiki mbili walishonea kwangu. Mimi nililala jikoni, na asubuhi nilikuwa naokota nyuzi kwenye chai.

Jumatatu nilirudi kwa wale watu watatu, safari hii na karatasi ya vipimo aliyoiandika Mama Odette kwa kalamu ya chaki ya kushonea. Nilianza na neno ambalo lilikuwa linanikwama: sijui. Mzee Hamisi aliisoma karatasi akanitazama. "Mimi nilikuwa nasema habari ya lori," akasema. "Hukuniambia gari lako lina bodi fupi hivi. Ningejuaje?" Papa Dieudonné naye alishika kichwa: "Eish! Mi nilijuwa ni ka-trela ka kubeba mchanga." Ona basi. Wazee hawakunidanganya. Kila mmoja alijibu gari aliyoiona kichwani mwake, kwa kuwa ya kwangu sikumweleza. Nilikuwa nimekwenda kutafuta majibu na swali nimeliacha nyumbani.

Na Gaspard? Hakusema "nilikuambia". Alinichukulia karatasi iliyokuja na sahani ya kuteleza, akanisomea mstari kwa mstari: uzito ambao gari inaweza kubeba na kuvuta, mahali pa sahani, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kamwe isiwe nyuma yake. Vyuma vya kuishika vilipita bati vikashika chasisi, kwenye matundu yake yaliyotengenezwa, na Papa Dieudonné mwenyewe akakaza kila bolti kwa spana ya kipimo. Akaniamuru nirudi baada ya safari ya kwanza azikaze tena. Mzee Hamisi akanifundisha kumulika taya kwa tochi nione zimeikumbata pini, kisha kushika breki za trela na kuvuta pole, kabla ya kuiamini barabara. Wote watatu walikuwa na kitu cha kunipa, mara tu nilipoacha kuwapendeza.

Jumamosi ya wiki ya pili tukarudi Midrand. Kiti cha mbele nilikuwa nimemfutia Mama Odette. Hakukikalia. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa palepale kioo kilipomwagikia, mgongo wake kwenye kioo kipya, akamwita Neema akae kando yake.

"Mama, kaa mbele," nikasema.

"Endesha."

Langoni nikasimama. Nikavuta mkono wa sahani, nikashika breki za trela, nikasogeza gari mbele taratibu mpaka sahani ikarudi nyuma na kujifunga, trela ikakaa mbali na kabini. Nikashuka nikahakikisha. Nikapanda. Kwenye kioo cha pembeni niliiona ile pembe inakuja, inakuja, ikapita nyuma ya vichwa vyao kwa nafasi ya kiganja na zaidi, ikaenda zake. Mama Odette hakugeuka kuitazama hata mara moja. Alipoona tumenyooka barabarani akasema, "Njo vile," akakunja tepu yake.

Basi, mwanangu, mficha uchi hazai. Kabla hujapiga simu ya nne, shuka uende kwenye gari lako na tepu. Pima bodi, pima trela, jua uzito, uyaandike. Ukienda kwa wakubwa, nenda na vipimo hivyo, na usipoelewa sema hujaelewa, hata kama aliye mbele yako ana mvi kuliko mimi. Wala usipime neno kwa cheo cha aliyelisema. Mlinzi wa mlangoni alikuwa sahihi, nami nilimlipa kwa kununua grisi. Mkubwa huheshimiwa kwa kuambiwa ukweli. Kumwitikia tu ni kumtupia lawama ya kesho bila yeye kujua.

Nenda sasa, na Mola akutangulie. Akupe ulimi usioona haya kusema sijui, akulinde na kona usizozipima, na kila atakayekaa kiti chako cha nyuma afike kwao akiwa mzima. Tepu iko kwenye droo ya kushoto. Neema aliniachia siku tuliyomzika mama yake.